Shafti ya HRC 60 yenye mfereji wa kii: CBN, seramiki, karbaidi au kusaga?

MkerezajiWaShafti
Wakuu, naomba ulinganisho. Shafti ya giaboksi imetoka kutiwa ugumu, juu inasoma HRC 60 (kipimo cha ugumu cha Rockwell C), tabaka gumu lina kina cha mm 1 hivi. Mahali inapokaa beringi pamebaki mm 40.42 na panatakiwa 40 k6 (daraja la kipimo ili beringi ibane), yaani kati ya 40.002 na 40.018. Urefu wake mm 38, na mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachozuia gia kuteleza kwenye shafti) unapita humo humo. Lathi ni ya kawaida. Ninunue ncha ya CBN (boroni nitridi, inayokaribia almasi kwa ugumu), seramiki nyeusi, nitumie karbaidi iliyopo, au ipelekwe kusagwa?

NchaKali
Karbaidi weka kando mkuu. Kwenye HRC 60 itakubidi ushuke hadi mita 30 kwa dakika, na bado ncha inalika ukiwa njiani: mwanzo wa mkato unapata 40.01, mwisho 40.04, shafti imekuwa koni na beringi haikai.

Seramiki nyeusi (alumina iliyochanganywa na titani kabaidi) inakata vizuri kwa mita 100 hadi 120 na bei yake ni nafuu. Tatizo lako ni mfereji. Kwa mita 110 kwenye kipenyo cha 40 unazungusha kama mara 875 kwa dakika, na kila mzunguko ni kipigo kimoja kwenye ncha. Seramiki haivumilii hayo, inamegeka.

Nunua CBN, lakini usichukue yoyote ile. Zenye CBN asilimia 50 hadi 65 ni za mkato mfululizo. Wewe omba iliyoandikwa kwa mkato unaokatika, yenye ukingo uliovunjwa (uliokatwa mshazari) mm 0.1 kwa nyuzi 25. Ukingo mkali kama wembe hapo hauna maisha.

GurudumuJeupe
Kabla ya kununua chochote, pima mashine. Bana shafti kati ya chaki na senta ya nyuma, geji ya saa iguse shafti huku sumaku ikiwa kwenye kitanda, kisha sukuma shafti kwa nguvu ya mkono. Ikicheza zaidi ya mm 0.01, CBN itavunjika hata iwe ya bei gani, kwa sababu chuma kigumu kinaisukuma ncha nyuma kuliko kinavyokubali kukatwa.

Mashine ikicheza, funga grainda ndogo kwenye kishikio cha tuli (pale inapofungwa ncha ya kukatia). Gurudumu jeupe la alumina, chembe namba 60, kipenyo mm 150 kwa mizunguko 3800, ni kama mita 30 kwa sekunde. Shafti izunguke polepole, 120 hadi 160 kwa dakika. Ingiza mm 0.01 kila mpito, maji ya kupozea yasikatike, na funika kitanda chote kwa sababu vumbi la gurudumu linakula reli za mashine. Ukiona rangi ya majani makavu au bluu, umeshaunguza: ugumu wa hapo umepungua, na hata ukiisugua rangi ikatoka, madhara yamebaki ndani.

Bomba_na_Beringi
Swali dogo. Almasi ni ngumu kuliko CBN, mbona haitajwi?

NchaKali
Almasi ni kaboni, na kwenye joto la mkato kaboni inayeyukia ndani ya chuma. Ncha inaisha haraka sana. Almasi ni ya karbaidi, seramiki, kioo na mawe.

MkerezajiWaShafti
Nimepima, inacheza 0.006.

NchaKali
Basi CBN inawezekana. Kwanza vunja kingo za mfereji kwa jiwe, mm 0.5 kila upande, na mwanzo wa shafti pia. Mita 140 kwa dakika, mizunguko kama 1100, fidi (mwendo wa ncha) mm 0.08 kwa mzunguko, bila maji: maji yanayofika kwa vipindi yanaipasua ncha. Utepe wa chuma utatoka mwekundu, huo ndio unaobeba joto, na ukipoa unavunjika mkononi.

Mikato mitatu. Wa kwanza kina 0.105, ufike 40.21. Wa pili 0.05 na wa tatu 0.05. Miwili ya mwisho lazima ilingane, ili shafti isukumwe kwa nguvu ile ile. Ukikusudia 40.11 ukapata 40.118, unajua ni 0.008 ya kipenyo, yaani kina cha 0.004, ya kuongeza kwenye mkato wa mwisho. Usisimamishe mashine ncha ikiwa inagusa, na ikilika mm 0.2 ubavuni geuza kona nyingine.

GurudumuJeupe
Nyongeza kwenye hicho kipimo cha 40.11: shafti iachwe ipoe kwanza. Ikiwa na joto la nyuzi 20 juu ya mikromita, kipenyo cha 40 kimevimba kama mm 0.009, na nafasi yako yote ya k6 ni 0.016. Ukikata kwa kipimo cha moto, kesho yake beringi inaingia kwa mkono.