Re: Re: Taifa Stars na Uganda tarehe 27, tuangalie wapi hapa London?

Baba Salma, Jumanne 16 Desemba 2025

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimetoka kusoma barua pepe ya kaunsili na hata hamu ya kula sina. Tulishika ukumbi kwa ajili ya mechi ya Uganda na Tanzania, Jumamosi tarehe 27, saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za hapa. Fomu ya TEN, yaani ya kuomba kibali cha muda cha shughuli, niliituma Alhamisi tarehe 11 na paundi 21 zao nikalipa. Leo wananijibu kwamba tarehe 25 na 26 si siku za kazi, siku waliyopokea fomu haihesabiwi, siku ya shughuli haihesabiwi, kwa hiyo siku kumi za kazi hazitimii na ombi limeingia kama TEN ya kuchelewa. Halafu watu wa afya ya mazingira wameweka pingamizi la kelele, na TEN ya kuchelewa ikishapingwa hakuna kikao wala rufaa, inafia hapo hapo. Kelele gani saa kumi na moja jioni? Mpira unaisha saa moja na nusu usiku, hata watoto hawajalala.

Swali langu ni moja. Nani anajua mahali mashariki ya London panapoonyesha AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, siku hiyo na panapoingia watu themanini hivi, pamoja na watoto na kina mama? Nisaidieni mapema.

Mama Neema, Jumanne 16 Desemba

Pole sana baba. Hizi ofisi zinachosha roho.

Mimi nawaomba tu msikimbilie pabu. Januari 2024 tulipocheza na Zambia tulikwenda pabu moja, tumevaa jezi, watoto wamechorwa bendera mashavuni. Mwenyewe alikuwa ametukubalia kwenye simu. Kufika, Liverpool wanacheza na Bournemouth muda ule ule. Skrini zote kubwa Liverpool. Sisi tukapewa kitivii kilichoning'inia karibu na mlango wa choo, sauti hakuna. Msuva alipofunga dakika ya 11 tulipiga kelele, watu wakageuka kututazama kama tumeingia msibani na ngoma. Halafu picha yenyewe ilikuwa inachelewa. Dada yangu akanipigia kutoka Mbeya analalamika Daka amesawazisha, na mimi kwenye kitivii bado naona tunaongoza. Dakika ya 88 ile, na wao wako pungufu tangu kipindi cha kwanza! Nilikaa pale najua goli linakuja na siwezi kuwaambia watoto.

Kwa hiyo ukumbi, baba. Ukumbi wetu wenyewe.

Mzee wa Barking, Jumanne 16 Desemba, usiku

Baba Salma, nani alikwambia unahitaji TEN? Nimelisema hili miaka yote na watu hawasomi. Kuonyesha matangazo ya moja kwa moja ya televisheni si burudani inayohitaji kibali kwa sheria ya leseni ya 2003. TEN ni ya kuuza pombe, ni ya muziki ukipita mipaka yake, ni ya chakula cha moto baada ya saa tano usiku. Mpira unaisha saa moja na nusu. Usipouza bia huna haja ya kuwaandikia kabisa.

Na msije na ule ujanja wa "kiingilio paundi kumi na bia ya bure". Bia ikiwa ndani ya kiingilio, hiyo ni kuuza. Kila mtu aje na chake au tunywe soda.

Kama lazima uuze, tafuta ukumbi mwingine usiku huu. Kesho Jumatano tarehe 17 ndiyo mwisho wa hata hiyo TEN ya kuchelewa kwa shughuli ya tarehe 27. Hesabu mwenyewe siku tano za kazi zinazotakiwa: 18, 19, 22, 23, 24. Ni hizo tano, hakuna ya ziada.

Baba Salma, Jumatano 17 Desemba

Mzee shikamoo, nimekusoma. Sheria naijua. Lakini mwenye ukumbi ndiye aliyesema hatoi funguo bila karatasi ya kaunsili, tuuze tusiuze. Na bia ndiyo ingerudisha pesa ya ukumbi, kwa sababu watu wetu kiingilio hawalipi, wanasema nitakupa Ijumaa. Nimempigia tena leo. Sasa anataka TEN, anataka bima ya watu wakiumia ndani, na anataka kuona leseni ya TV ya ukumbi, ambayo yeye mwenyewe hana!

Kijana wa Ilford, Jumatano 17 Desemba

Ya leseni ya TV ni rahisi. Laptop ikitumia betri yake bila kuchomekwa ukutani, leseni ya nyumbani kwako inaifunika popote ulipo. Chukua laptop imejaa chaji, weka projekta, kwisha.

Na tafuteni mtu mwenye Sky, ile televisheni ya kulipia.

Mzee wa Barking, Jumatano 17 Desemba

Projekta nayo ina betri? Si inachomekwa ukutani? Basi umeshatoka kwenye hiyo nafuu. Leseni mwaka huu wa 2025 ni paundi 174.50, ukumbi wowote wenye akili unayo, na usipokuwa nayo ujue hapo hata taa za dharura haziwaki.

Na Sky ya nini? Mwaka huu AFCON haipo Sky. Mechi zote 52 ziko Channel 4 bila malipo, nyingine E4, nyingine kwenye chaneli yao ya YouTube. Hata kama ingekuwa Sky, akaunti ya nyumbani huruhusiwi kuionyesha ukumbini. Pabu wanalipia mkataba wa biashara, ndiyo maana wanamweka Liverpool. Someni kwanza, ndipo muandike.

Kijana wa Ilford, Jumatano 17 Desemba

Shikamoo mzee. Ningeomba tuelekezane bila kukaripiana, sote tunatafuta kitu kimoja.

Nirudi kwenye swali. Pabu siku hiyo msahau, Mama Neema amesema kweli. Saa kumi na moja na nusu ile ile Chelsea wako nyumbani na Aston Villa. Pabu gani ya London itawaweka Tanzania na Uganda? Na mjihadhari na Stratford: West Ham wanacheza na Fulham saa tisa pale London Stadium, wanatoka saa kumi na moja, yaani nyinyi mnabadilisha treni na watoto huku umati wote unashuka stesheni. Atakayechagua ukumbi achague wa upande wa pili.

Sisi Wakenya safari hii hatumo, lakini nitakuja. Agosti kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, tuliwafunga Morocco 1-0 pale Kasarani, na ndio hao waliokuja kubeba kombe, kwa hiyo nina la kujivunia. Na tangu 2019 mlipoanza kwenda AFCON bado hamjashinda mechi, mnahitaji sauti zetu.

Mzee wa Barking, Jumatano 17 Desemba

2019 mlipoanza? Tulikuwa Lagos 1980! Nigeria walitufunga 3-1, Misri 2-1, na Ivory Coast tukatoka nao 1-1. Tulisikiliza kwenye redio ya Mkulima barazani kwa marehemu baba, mtaa mzima umekaa chini kwenye mkeka, na mwenye betri mpya ndiye aliyekuwa mfalme siku ile. Ushindi ni kweli hatujaupata, si 1980, si Cairo 2019, si Ivory Coast. Ndiyo maana nataka tuwe pamoja siku utakapokuja. Sitaki kuuona peke yangu sebuleni.

Mama Neema, Jumatano 17 Desemba, usiku

Mzee umenikumbusha mbali. Sisi Mbeya ilikuwa kibanda umiza, mabenchi ya mbao, jasho, mtu mrefu kakaa mbele na hataki kuinama. Nje kuna mama anakaanga chipsi mayai, ukisikia wameshangilia unaingia mbio na sahani mkononi. Hapa nina televisheni kubwa kuliko kibanda kizima na nashangilia peke yangu kwa sauti ya chini kwa sababu jirani ana mtoto mchanga.

Mkongo wa Tottenham, Alhamisi 18 Desemba

Bandugu, jambo. Siku hiyo hiyo ya 27 sisi Léopards, timu ya Kongo, tunacheza na Senegal saa tisa. Ni mbele ya yenu. Njo maana nasema tukodi pamoja: muje saa nane na nusu, mutusaidie kushangilia, halafu sisi tunabaki kuwashangilia. Watu watakuwa wengi na bei itagawanyika.

Lakini niwaambie ukweli, moyo wangu hauko kwa mpira tu. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo mashariki, kwenye vita. Tangu wiki iliyopita mama yangu mkubwa na watoto wamevuka kwenda Burundi, wanalala nje, mvua inanyesha. Mnakumbuka nusu fainali ile ya Februari 2024, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na mwingine wakaweka kama bunduki kwenye kichwa wakati wa wimbo wa taifa? Dunia ilitazama siku moja. Kwa hiyo nikiomba ukumbi, naomba pia tuweke ndoo mlangoni, mwenye chochote atie, tupeleke blanketi.

Dada Mwanaidi, Alhamisi 18 Desemba

Pole sana kaka. Ndoo nitaisimamia mimi.

Ila kwa Watanzania wenzangu nina neno. Mimi sijui kama naweza kuvaa jezi mwaka huu. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi nyumbani, intaneti ilipozimwa nilikaa siku kadhaa sijui mdogo wangu yuko hai au la, na yuko Dar, si porini. Alipopatikana hakutaka kuongea kwenye simu. Kuna nyumba bado zina matanga. Tukipeperusha bendera na vuvuzela tunawaambia nini wale?

Kijana wa Ilford, Alhamisi 18 Desemba

Dada, bendera ni ya wale pia. Sisi Wakenya Juni 2024, baada ya maandamano, tulizika vijana wetu na bendera ikiwa mabegani mwao. Hakuna aliyesema tuiache.

Baba Salma, Alhamisi 18 Desemba

Dada Mwanaidi, tunaweza kuanza kwa kusimama kimya dakika moja, kwa ajili ya nyumbani na kwa ajili ya Uvira. Mimi naliunga mkono na nitalisema mwenyewe kwenye maiki.

Msimamizi, Ijumaa 19 Desemba

Wapendwa, siasa ziende kwenye uzi wake, uko wazi tangu Novemba. Wazo la dakika moja ya kimya nalipokea. Hapa tubaki na mpira na ukumbi. Baba Salma, umepata mahali?

Baba Salma, Ijumaa 19 Desemba

Sijapata. Muda wa TEN umepita, kwa hiyo bia haipo tena, iwe shughuli ya soda na pilau. Kuna ukumbi wa kanisa mmoja wanasema watanijibu Jumatatu, na mwingine unataka amana ambayo siwezi kuitoa peke yangu. Mechi yetu na Nigeria Jumanne kila mtu aangalie nyumbani. Ya tarehe 27 bado naiomba. Mwenye ukumbi, mwenye rafiki wa msikitini au kanisani, mwenye kampuni yenye kantini kubwa, anipigie.

Mama Neema, Ijumaa 19 Desemba

Huku Reading nina uhakika wa ukumbi mdogo, watu arobaini, una leseni na skrini. Shida ni treni, baada ya Krismasi kuna ukarabati kila mwaka. Mwenye gari la watu saba aseme.

Mzee wa Barking, Ijumaa 19 Desemba

Reading ni mbali kwa wazee na watoto wa mashariki. Na arobaini si themanini.

Mimi nawaza zaidi 2027, AFCON iko kwetu: Tanzania, Kenya na Uganda. Huko hakuna TEN. Naanza kuweka akiba ya nauli ya wajukuu, lakini wamezaliwa hapa na wana pasi za Uingereza. Ile Hadhi Maalum ya diaspora, ya wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, kuna yeyote hapa ambaye ameshaishika mkononi? Ubalozini nimepewa fomu, ukurasa wa pili wanataka cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu yangu mimi, aliyezaliwa kabla ya vita ya kwanza. Aliyeijaza anieleze aliandika nini hapo.

Kijana wa Ilford, Ijumaa 19 Desemba

Mzee, nasikia kiapo cha wakili kinakubalika. Lakini aliyeniambia ni mtu wa Manchester, na yeye alipewa fomu tofauti na hiyo yako.