Naomba ushauri: pikipiki za theluji nje ya njia mwezi wa nne, Montana

Wakuu, habari zenu. Naishi Missoula, jimbo la Montana, Marekani, na wenzangu wa kazini wamenialika twende na pikipiki za theluji (snowmobile, zile zinazoteleza juu ya theluji) katika Msitu wa Taifa wa Flathead, mwezi wa nne. Wanataka kuacha njia zilizosawazishwa kwa ajili ya pikipiki hizo na kupanda milimani kwenye theluji ambayo haijakanyagwa.

Ninachojua ni kwamba sehemu kubwa ya msitu huo msimu wake hufungwa 31 Machi, hata kama theluji bado imejaa. Sababu kubwa ni dubu wa grizi, ambao tangu 1975 wanalindwa na sheria ya Marekani. Wakati huo ndipo wanatoka mapangoni, majike wakiwa na watoto wachanga, na kelele za injini zinaweza kuwafukuza mahali pa kujificha. Kwangu hilo si jambo dogo, kwa hiyo sitaki kwenda kwa kubahatisha.

Maeneo machache, kama Skyland-Challenge na Lost Johnny, huongezewa muda. Wenzangu wanasema tukiingilia huko tunaweza kuzunguka popote. Mimi nina shaka.

Kwa mliowahi kwenda: mnasomaje mipaka kwenye ramani rasmi ya msitu? Huko milimani kuna alama, au mnategemea simu yenye ramani? Na wenzangu wakivuka mpaka, niwaambieje bila kuharibu urafiki? Hawa ndio walionipokea nilipofika hapa.

Natanguliza shukrani.