Wanatuuzia seti za magurudumu matatu kwa picha, hawaulizi hata pikipiki yako ni modeli gani

Wadau, salaam aleikum. Naandika nikiwa barazani hapa Shela ya Malindi, si ile ya Lamu, mguu wa kulia nimeuweka juu ya kigoda na kisigino kimefungwa bandeji. Nilisema nisubiri hasira ishuke ndio nifungue uzi. Wiki ya pili hii, haijashuka.

Nina pikipiki, Honda Gold Wing, modeli ya GL1800 ya mwaka 2008. Wanaoijua hawahitaji maelezo: silinda sita zimelala, injini ya cc 1832, shafti badala ya cheni, na ukishajaza tangi uzito unapita kilo 400. Nimeenda nayo Arusha, nimeenda nayo Kisumu, nimepita nayo Garsen na Witu mpaka Mokowe nikaiacha kwa mlinzi nikavuka kwa boti. Mwaka juzi goti la kulia likapasuliwa, mwaka jana likarudiwa. Daktari akaniambia wazi kwamba kutembea nitatembea, lakini kuzuia kilo 400 kwa mguu mmoja pale ninaposimama, nisahau. Mama watoto akasema uza. Mimi nikasema hapana, nitaifanya ya magurudumu matatu, na yeye atakaa nyuma kama kawaida.

Nikampata muuzaji wa seti, yaani vifaa vya kuigeuza pikipiki kuwa ya magurudumu matatu. Jina silitaji hapa mpaka suala letu liishe. Akanitumia video ya Gold Wing nyekundu, nyuma ina matairi mawili mapana ya gari, bodi imefunika kila kitu, hakuna gurudumu katikati. Nikamuuliza mambo matatu kwa maandishi, na maandishi ninayo: je, ina difu, ile giaboksi ya katikati ya ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili? Je, ni ya GL1800? Je, sehemu ya mbele nayo inabadilishwa? Mara zote tatu jibu lilikuwa moja: "Ndio mkubwa, ni seti kamili." Nikatuma pesa ambazo zingeninunulia tuktuk mpya.

Kilichofika kwenye sanduku si kile cha kwenye video. Kilikuwa vyuma vya kufunga kwenye fremu, magurudumu mawili madogo ya kukaa pembeni, na madigadi ya faiba. Yaani pikipiki inabaki vilevile, gurudumu lake la nyuma linabaki katikati na ndilo linalosukuma, halafu haya mawili yanashikilia tu isianguke. Difu haimo wala haiwezi kuwemo, kwa sababu ekseli ya kuigawia nguvu haipo.

Seti ya namna hii ina kazi yake, sitaki mtu aje kunibishia kwa hilo. Unafunga kwa siku moja, ukitaka unaifungua, shafti yako haijaguswa, na kwenye lami pana iliyonyooka itakupeleka unakokwenda. Lakini seti kamili ni kitu kingine kabisa. Kule unaondoa gurudumu la nyuma, unaondoa mkono unaolishika na giaboksi ndogo ya mwisho, unaweka ekseli nzima yenye difu, na shafti ya Honda inaingia kwenye hiyo difu. Tofauti ya bei ni kubwa, tofauti ya kazi ni kubwa zaidi. Mtu anayeuza hivi vyote viwili kwa jina moja na video moja anajua anachofanya.

Hasira yenyewe inaanzia hapa. Tulipopeleka gereji, matundu hayakulingana. Fundi wangu, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi, akakaa chini ya pikipiki karibu saa nzima, akatoka akasema: "Mzee, hivi vyuma ni vya ile ya zamani." Alikuwa sahihi. Zilikuwa brakiti za GL1500, modeli iliyoishia mwaka 2000. Ile fremu yake ni chuma, na gurudumu la nyuma linashikwa pande mbili. GL1800 ilipoingia mwaka 2001 ilikuja na fremu ya alumini na mkono wa nyuma wa upande mmoja. Ni pikipiki mbili tofauti zenye jina moja la ukoo. Nikampigia muuzaji. Unajua aliniambia nini? Fundi atoboe, na pasipofika achomelee.

Achomelee alumini! Kwa mashine ya vijiti inayochomelea mageti? Alumini inataka mashine yake, gesi yake na mtu aliyeisomea, na ukiipasha moto ovyo mahali panapobeba uzito inalegea bila kukuonyesha, mpaka siku uko kasi ya 90 na mkeo yuko nyuma. Fundi akakataa kushika drili. Nitamshukuru kwa hilo siku zote. Amekosa hela ya kazi ili mimi nisiumie, na mwenye kuuza, ambaye ndiye alipaswa kujua, alikuwa tayari kutuua wawili kwa simu ya dakika tatu.

Brakiti za kweli zilikuja baada ya miezi minne, na gharama ya kuzileta nikalipa mimi.

Tukafunga. Siku ya kwanza nikaenda Gede, mwendo mfupi tu. Nilipofika Msabaha mikono ilikuwa inawaka moto. Hakuna aliyeniambia kwamba pikipiki ya magurudumu mawili inakata kona kwa kulala, na hii hailali, kwa hiyo unaizungusha kwa nguvu ya mabega. Ndio sababu seti nzuri inakuja na vishikio vipya vya foku za mbele, zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu. Vinazilaza mbele zaidi, kwa kawaida nyuzi 4 mpaka 6, ili ule umbali kati ya pale mstari wa usukani unapogonga lami na pale tairi linapoikanyaga upungue, na usukani uwe mwepesi. Hilo ndilo swali langu la tatu, lile lililojibiwa "ndio mkubwa". Kwenye sanduku halikuwemo.

Kuna la hatari kuliko uzito wa usukani. Ukiendesha pikipiki miaka thelathini, mkono wako una tabia usiyoijua. Kona ya kushoto unasukuma hendeli ya kushoto, pikipiki inalala kushoto, inapita. Kwa hii, ukisukuma kushoto tairi linageuka kulia na unakwenda kulia, kwenye njia ya wanaokuja. Nimekwenda. Matatu ilikuwa inakuja, dereva wake akakanyaga breki, Mungu akatuachanisha. Maneno mawili tu ya muuzaji yangetosha: jifunze upya. Hakuyasema.

Nikirudi, nikatoka kando pale Msabaha kupokea simu. Mnapajua mabega ya barabara yetu, lami imeliwa ukingoni, halafu mtaro wa mchanga. Magurudumu ya pembeni yakakaa juu huku na huku, lile la katikati likaning'inia kwenye shimo. Nikatia gia, linazunguka tu. Nikabonyeza rivasi, lakini rivasi ya Gold Wing inalizungusha gurudumu lilelile kwa mota ya stata, likazidi kuchimba. Pikipiki ya silinda sita, na vijana wanne wa bodaboda ndio walionisukuma. Sasa hebu fikiria upeleke kitu hicho njia ya mchanga ya kushukia ufukweni. Muuzaji hakuniuliza naishi wapi, barabara yangu ikoje, nabeba nani. Swali lake pekee lilikuwa nalipa kwa benki au kwa simu.

Na kisigino ni hivi. Wiki ya tatu, makutano ya Gede, pale pa kukata kwenda Watamu. Nikasimama, mguu ukashuka wenyewe kama ulivyozoea, nikaondoka kabla sijaupandisha. Gurudumu la pembeni liko nyuma ya mguu wako palepale. Likapanda kisigino, mguu ukavutwa nyuma, goti lililopasuliwa mara mbili likapinda. Nilipiga ukelele mpaka akina mama wa maembe wakakimbia kuja. Kwenye magurudumu matatu mguu haushuki, kamwe, hata ukiwa umesimama. Hiyo ilitakiwa iandikwe kwa herufi kubwa juu ya sanduku, na ilitakiwa iwe sentensi ya kwanza mdomoni mwa yeyote anayemuuzia mtu mwenye goti bovu. Na goti nilimweleza!

Nilipokuwa nimelala, fundi akaja kuniambia boli mbili za upande wa kushoto zimekatika.

Dereva mmoja wa tuktuk aliyekuja kunitazama alinifundisha mengi kwa nusu saa kuliko muuzaji kwa miezi sita. Alisema: gurudumu moja mbele na mawili nyuma ni njia tatu barabarani, kwa hiyo shimo halikwepeki, ukilikwepesha la mbele la nyuma litaingia, basi punguza mwendo mapema. Alisema difu ndiyo inayoruhusu gurudumu la nje la kona likimbie na la ndani litembee taratibu, na kama ekseli ni moja iliyokaza, chombo kinakwenda mbele hata ukikata usukani. Akaniuliza breki za nyuma zinashika magurudumu yote? Yangu ya pembeni hayana breki kabisa. Akatikisa kichwa. Akauliza breki ya kuegeshea iko wapi, kwa sababu hii haina stendi ya kuegemea na penye mteremko inaondoka. Hiyo pia haimo.

Kwa hivyo nikinunua tena, nataka kusikia kwanza mwaka wa pikipiki yangu ukitamkwa na muuzaji mwenyewe. Gold Wing ya 2018 kuja huku nayo ilibadilika, mbele haina tena foku za kawaida bali mikono miwili inayobeba gurudumu, kwa hiyo vifaa vya mbele vya yangu haviingii kule. Nitauliza difu ni ya gari gani, bearing na oil seal zake napata Mombasa au zinasubiri meli. Kuna ekseli nzima na kuna zile kila gurudumu linacheza peke yake. Za pili ni laini kwa mgongo wa mama watoto, lakini zina viungo vingi na chumvi ya bahari yetu haichagui. Mimi ningechukua ekseli nzima.

Nyongeza, saa mbili usiku: Nimeona mnauliza kwa nini sikununua iliyotoka kiwandani na magurudumu matatu. Tri Glide ya Harley, iliyoanza na modeli ya 2009, fremu na mbele yake vilitengenezwa kwa magurudumu matatu tangu mwanzo, na ni nzuri. Mimi nina Gold Wing tayari, na pesa imekwisha. Anayesema nifungue tu seti niuze kwa mwingine: siuzi. Simuuzii mtu kitu kilichonipanda mguu.

Ninachotaka ni pesa zangu na gharama ya zile brakiti. Ujumbe wote na ile video nimechapisha, Jumatatu navipeleka kwa wakili. Kama kuna mdau wa Pwani aliyefunga ekseli yenye difu kwenye GL1800 ya kabla ya 2018, aandike hapa alivyofanya na ukaguzi na logbuku. Picha za boli nitaweka kesho, fundi anazo.