Flashi ikiangusha kerneli (kiini cha Linux) ni tundu la usalama au bagi ya kawaida tu?

fundi_steshenari
Wakuu habari za kazi. Natunza mashine za Linux kwenye duka la steshenari, wateja wanakuja na flashi zao kuprinti CV, vyeti, barua za maombi, unajua tena. Juzi mteja kachomeka yake laptopu ikaganda hapo hapo, mausi haitembei, taa ya Caps Lock inawaka na kuzima, ikabidi nishikilie batani mpaka izime. Nikajaribu kwenye laptopu nyingine, mambo yale yale. Jamaa mmoja anayejua haya mambo kaniambia hiyo sio ishu ya usalama, eti kumaunti (kuunganisha flashi ili mafaili yake yasomeke) ni kazi ya ruti, akaunti yenye mamlaka yote, na mwenye ruti akitaka kuangusha mashine anaiangusha tu. Lakini mimi sijaandika amri yoyote, mteja hana paswedi ya ruti, kachomeka tu basi. Sasa hili ni la kuripoti kama tundu la usalama au nisubiri apdeti?

kerneli_kila_siku
Mkuu, huyo jamaa yako amekupa msimamo ambao watu wengi wanaoandika mifumo ya mafaili ya Linux wameushikilia miaka mingi, na sababu wanazo. Kumaunti ext4, XFS au Btrfs kunataka CAP_SYS_ADMIN, yaani mamlaka ya kiruti, yuza wa kawaida haruhusiwi hata akijitengenezea nemspesi yake (eneo lililotengwa ambamo anajifanya ruti). Na hizo kodi ziliandikwa kwa kuamini kwamba kilichoko kwenye diski kiliandikwa na kerneli yenyewe. XFS toleo la 5 inaweka CRC (namba ya kukagua kama data imeharibika) kwenye metadata, sawa, ila CRC inakamata diski iliyochoka, mtu mwenye nia mbaya anaharibu data halafu anapiga CRC upya na kerneli inaona kila kitu shwari. Na usiniambie tupitishe fsck (programu ya kukagua mfumo wa mafaili) kwanza, maana kifaa cha USB kina prosesa yake ndani, kinaweza kutoa data safi fsck ikisoma na data nyingine kabisa kerneli ikija kumaunti. Sasa ongeza syzbot ya Google inayotengeneza imeji (mafaili yanayoiga diski) mbovu usiku na mchana na kutuma ripoti, wasimamizi wenyewe ni wachache. Kila krashi ikibandikwa jina la tundu la usalama, zile bagi zinazopoteza data za watu atazitengeneza nani?

binti_wa_seva
Kaka kerneli_kila_siku hoja yako naielewa ila haijibu alichouliza, yeye kasema hajaandika amri. Amri imetolewa na udisks2, programu inayomaunti flashi kwenye desktop, ambayo inaendeshwa kama ruti na polkit (inayoamua nani aruhusiwe nini) inaikubalia kumauntia yeyote aliyekaa mbele ya mashine. Kwa hiyo hilo sharti la ruti kwenye desktop limeshaondolewa zamani, mlango uko wazi halafu tunabishana kuhusu kufuli.

fundi, nina wasiwasi hii yako imeshawahi kupewa namba ya tundu la usalama linalojulikana, CVE-2021-3802. Superbloku ya ext4 (pale mwanzoni panapoandikwa maelezo ya mfumo wa mafaili) ina sehemu inayoiambia kerneli ifanye nini ikikuta kosa: iendelee, igeuze iwe ya kusoma tu, au ipige paniki, yaani isimamishe mashine nzima. Yaani mwenye flashi anaandika humo paniki, anaharibu kidogo direktori moja, kerneli ikiliona kosa inatii na kujiangusha. Hapo hakuna bagi kwenye kodi ya ext4, imefanya ilichoambiwa. Kosa lilikuwa la udisks kuchukua maagizo ya mtu isiyemjua bila kuweka yake, ndio maana toleo la 2.9.4 likaja na errors=remount-ro (ikikuta kosa igeuze iwe ya kusoma tu) kwa ext2, ext3 na ext4. Zima kwanza kumaunti otomatiki, halafu piga `dumpe2fs -h` kwenye hiyo flashi, inasoma tu bila kumaunti, angalia mstari wa Errors behavior.

mlinzi_wa_data
Na hili sio la Linux peke yake. Mwaka 2018 mtafiti Marius Tivadar wa Bitdefender alitoa imeji ya NTFS iliyokuwa inaangusha Windows kwa kuchomeka tu, hata skrini ikiwa imefungwa. Microsoft walikuwa wamemjibu kwamba hiyo inahitaji mtu afike kwenye mashine au amdanganye mwenyewe, kwa hiyo haifikii kiwango cha kutolewa kiraka cha usalama. Haya, Machi 2025 hao hao Microsoft wakatoa viraka vya matundu kwenye NTFS na draivu ya FAT ambayo wavamizi walikuwa tayari wanayatumia, na njia yenyewe ni kumshawishi mtu amaunti faili la VHD, yaani diski pepe. Siku hizi faili linakuja kwa barua pepe, hakuna haja ya kuigusa kompyuta ya mtu.

Kinachoniuma zaidi ni hili neno "krashi tu". Ile paniki ya superbloku kweli inaishia kwenye kuangusha, lakini baadhi ya zile za syzbot ni kerneli kuandika nje ya mipaka ya kumbukumbu iliyotengewa, na leo ikianguka, kesho mwenye ujuzi anaipanga vizuri haianguki, anachukua ruti. Huwezi kulijua hilo kwa kuangalia skrini iliyoganda, ndio maana mimi nasema zipewe uzito wa usalama mpaka mtu athibitishe vinginevyo. OpenBSD walimaliza ubishi mapema, 6.0 ya mwaka 2016 ikaondoa kabisa ruhusa ya yuza wa kawaida kumaunti.

fundi_steshenari
Asanteni sana wakuu. Nimeangalia, flashi ni ext4 na mstari unasema Panic kweli. udisks2 kwenye mashine zote ni 2.8, sikujua kama inahusika. Mteja anasema flashi alipewa na mtu, yeye anatumia tu. Sasa kazi haiwezi kusimama, watu lazima waprinti, nifanyeje?

binti_wa_seva
Apdeti udisks2 leo leo, hilo halisubiri. Halafu `gsettings set org.gnome.desktop.media-handling automount false`, ila ujue mtu akibofya ikoni bado itamaunti, kwa hiyo bana na ile ruhusa ya polkit, org.freedesktop.udisks2.filesystem-mount, ibaki kwa akaunti yako tu. Wateja wako karibu wote wana FAT au exFAT, basi moduli kama hfsplus (ya diski za Mac) zizuie kwenye modprobe.d, folda ya mipangilio ya moduli, hamna anayezihitaji hapo dukani. Ukikutana na flashi usiyoielewa, fungua kwa guestmount ya libguestfs, inamauntia ndani ya mashine pepe ndogo, ikianguka inaanguka hiyo.

kerneli_kila_siku
Kwa kesi yake nakubali, hilo ni tundu, na tundu la udisks. Mkuu, kama baada ya apdeti bado inaanguka, chukua kopi ya hiyo flashi kwa dd (amri ya kunakili diski nzima) na upeleke ripoti kwa timu ya usalama ya distro yako, weka na logi ya paniki. Na usimrudishie mteja kabla hujaiformati, kesho ataichomeka duka la jirani.

fundi_steshenari
Sawa mkuu, kopi nachukua jioni hii nikifunga. Kuformati nitamwomba ruhusa kwanza, vyeti vyake vimo humo.