Mada: Mnunuzi wa tovuti yangu kanitumia linki ya eskro

Kutoka: dada wa South B

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Ile tovuti yangu ya vyumba vya kupanga, ambayo wengi wenu mliipitia mlipohamia hapa Nairobi kutoka nyumbani Tanzania, nimeamua kuiuza. Kazi imenizidi. Amejitokeza mnunuzi, anasema yuko Uingereza, na tumeelewana dola 6,000 kwa tovuti pamoja na kikoa chake cha .com, yaani jina ambalo watu huliandika kuifungua. Anataka tupitie eskro, yaani pesa ishikwe na mtu wa kati mpaka nimkabidhi mali, na hilo nimelipenda. Ila linki ya kampuni ya eskro kaileta yeye. Jana usiku ikaja barua pepe kutoka huko: pesa imeshapokelewa, nitoe msimbo wa kuhamisha kikoa ndani ya saa 24, la sivyo muamala unafutwa. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijajibu.

Kutoka: kaka wa Kilimani

Dada, msimbo usiutoe, huo ndio ufunguo wa kukihamisha kikoa chako. Hata akipiga simu, hata akisema kapata muuzaji mwingine. Vikoa ndiyo kazi yangu ya kila siku, na haya uliyoyaeleza ndivyo eskro bandia zinavyofanya kazi: linki inatoka kwa mnunuzi, barua pepe inasema pesa imeingia, halafu unapewa muda mfupi ili usipate nafasi ya kuuliza mtu. Inawezekana huyu ni mtu mwema. Mtu mwema ukimwambia tufuate utaratibu wa salama hatakasirika.

Anza na linki yenyewe. Nenda ICANN Lookup, ukurasa wa shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, andika jina la hiyo tovuti ya eskro, uone kikoa chake kilisajiliwa lini. Kampuni inayosema imehudumia wateja miaka mingi, na kikoa kimesajiliwa mwezi uliopita, achana nayo papo hapo. Soma jina herufi moja moja, maana wanapenda kuongeza kistari au kubadilisha herufi moja kwenye jina la kampuni inayojulikana. Kisha leseni. Escrow.com, ambayo ndiyo maarufu zaidi kwenye biashara ya vikoa, ilianza mwaka 1999 na ina leseni ya jimbo la California. Leseni ya namna hiyo unaitafuta kwenye tovuti ya idara inayoitoa, kwa California ni DFPI. Picha ya cheti iliyobandikwa chini ya ukurasa haithibitishi chochote, yeyote anaweza kuitengeneza kwa simu.

Ukishajiridhisha na kampuni, anwani yake iandike kwa mkono wako kwenye kivinjari. Fungua akaunti yako mwenyewe, wewe ndiye uanzishe muamala na kumwalika mnunuzi. Gharama za eskro mnaweza kukubaliana alipe yeye, ulipe wewe, au mgawane, na hilo linaandikwa mwanzoni.

Sasa hapa ndipo nataka uwe mkali. Kwamba pesa imepokelewa utalijua kwa kuingia kwenye akaunti yako ya eskro, kwa anwani uliyoiandika wewe, na kukuta muamala unasema hivyo. Barua pepe si ushahidi, wala picha ya skrini aliyokutumia WhatsApp. Wenye maduka hapa mjini hawaachii mzigo kwa kuonyeshwa meseji ya M-Pesa kwenye simu ya mteja. Wanaangalia simu yao wenyewe. Na ujue California iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu, kwa hiyo uthibitisho mara nyingi unaingia sisi tumelala. Usikeshe. Asubuhi ndiyo ufungue akaunti, akili ikiwa imetulia.

Kutoka: ndugu wa Ruaka

Kaka, kwani asitume kwa PayPal tu, yakaisha? Siku hizi inatoka mpaka M-Pesa.

Kutoka: kaka wa Kilimani

Ndugu, kutoka inatoka. Shida ni kwamba PayPal inampa aliyelipa siku 180 za kufungua malalamiko, na kikoa kikishahama hakirudi kwa kubonyeza kitufe. Unaweza kujikuta huna kikoa na pesa imevutwa. Kadi za benki nazo zina mlango huohuo. Halafu kwa kiasi cha dada, ambacho ni zaidi ya laki saba za Kenya, M-Pesa yenyewe haitoshi, kwa sababu salio haliruhusiwi kuzidi 500,000.

Dada, nirudi kwako, maana linki ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni masharti. Eskro anashika pesa na kufuata mlichoandika. Mkiandika ovyo, anashika pesa huku nyie mnagombana. Usiandike "tovuti" ukaishia hapo. Taja kikoa, mafaili, hifadhidata, akaunti za barua pepe za kikoa hicho, kurasa za mitandao ya kijamii kama zimo. Taja na visivyokuwemo. Kama unapata hela za matangazo kupitia AdSense ya Google, akaunti ile haihamishiki kwa mtu mwingine, kwa hiyo mnunuzi ajue mapema kwamba ataanza na yake. Na orodha ya wapangaji waliokuachia namba za simu usiigawe kama viti na meza za ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawalinda wale watu. Waandikie kwanza, waridhie, au uiache nje ya mauzo.

Andikeni pia "kupokea" maana yake nini. Kwa kikoa: kimeonekana kwenye akaunti ya mnunuzi kwa msajili wake, yaani kampuni inayomsajilia vikoa. Kwa tovuti: imefunguka kwenye seva yake, kurasa na picha zikiwa kamili. Kuanzia hapo ndipo siku za ukaguzi, yaani za mnunuzi kukagua kabla pesa haijaachiwa, zihesabiwe, na idadi ya siku hizo iandikwe. Nimeona mauzo yakikwama kwa wiki kadhaa kwa sababu mnunuzi alihesabu ukaguzi tangu siku aliyopata mafaili, na muuzaji akahesabu tangu siku kikoa kilipohama.

Kuhusu kuhamisha: kama nyote mko kwa msajili mmoja, msajili anakisogeza kikoa kutoka akaunti yako kwenda yake, ni jambo la dakika chache. Wasajili wakiwa tofauti ndipo unapohitaji kufungua kufuli na kutoa msimbo, na msajili wako anaweza kuchukua hadi siku tano. Angalizo kubwa: usianze sasa hivi "kusafisha" taarifa za mmiliki, kubadilisha jina au barua pepe. Badiliko la namna hiyo kwa kawaida linafunga kikoa kisihame kwenda kwa msajili mwingine kwa siku 60. Kikoa kilichosajiliwa au kuhamishwa karibuni nacho kina siku hizohizo. Angalia tarehe zako kabla hujamwahidi mtu siku ya makabidhiano.

La mwisho upande wa malipo, na hili linatuuma sana sisi wageni. Eskro atataka kukuthibitisha kwa kitambulisho, na jina la akaunti ya benki lilingane. Pasi ya Tanzania ina majina yako matatu, benki ya hapa walikuandika mawili, kadi ya mgeni imeyageuza mpangilio. Yalinganishe leo, kabla ya muamala, kwa kwenda benki na pasi. Kama unaweza, fungua akaunti ya dola, vinginevyo benki itazibadilisha kwa bei yake. Weka mkataba wa mauzo karibu, maana wataulizia hizo pesa ni za nini.

Kutoka: mama wa Parklands

Wanangu, niongeze kwa anayemuuzia mtu wa hapahapa Nairobi. Nimefanya kazi ofisi za mawakili miaka mingi. Ukinunua kiwanja hapa, kwa kawaida unatoa asilimia 10, inashikwa na wakili wa muuzaji mpaka mambo yakamilike, na muda wa kukamilisha ni siku 90. Kwa tovuti mnaweza kufanya vilevile: pesa ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na barua ieleze ataiachia kukitokea nini. Wakili mhakikishe kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya kama ana kibali cha mwaka huu. Msikubali "rafiki wa wakili" wala karani ashike, hata akiwa na mhuri.

Kutoka: dada wa South B

Shikamoo mama, na asante sana kaka. Nimeangalia: kikoa cha ile eskro kina wiki tatu tu. Nikamwambia mnunuzi tutumie Escrow.com na mimi ndiye nitakayefungua muamala. Kajibu kwamba sawa, ila kwanza ninunue cheti cha kuthamini tovuti kutoka kampuni anayoiamini, dola 150, atanirudishia kwenye bei. Na je, nina .co.ke yenye jina hilohilo, niiuze vipi nikipata mtu?

Kutoka: kaka wa Kilimani

Dada, cheti hicho ni utapeli mwingine wa zamani. Kampuni ya kuthamini ni yake mwenyewe, hiyo 150 ndiyo anayoitafuta baada ya kikoa kumshinda. Usimjibu tena. Badilisha nywila ya akaunti yako ya msajili na ya barua pepe iliyofungamanishwa nayo, uweke na uthibitisho wa hatua mbili leo, kwa sababu keshajua una mali gani na iko wapi. Kama ulifungua akaunti kwenye ile tovuti yake na nywila unayoitumia kwingine, huko kwingine nako ibadilishe.

Ile .co.ke iko chini ya KeNIC, wanaosimamia vikoa vya Kenya vya .ke, na zile siku 60 za ICANN haziihusu. Mpigie msajili wako wa hapa akuambie anataka karatasi gani kubadilisha mwenye kikoa, halafu hizo karatasi ndizo ziingie kwenye masharti ya eskro au ya wakili, kama alivyosema mama. Ila kabla hujaitangaza, hakikisha jina hilo si la kampuni ya mtu au alama yake ya biashara. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya Kenya ya mwaka 2018 kinagusa kutumia jina la mwingine bila haki, faini ni hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili, au vyote. Jina lako la vyumba sidhani lina shida, ila litafute kwenye sajili ya makampuni kwanza.

Mnunuzi mwingine akija, nitumie masharti kabla hujayatia sahihi, tuyasome pamoja.