Tenki la samaki limepasuka, mwenye duka anaruka waranti

Wakuu habari za saa hizi. Mwezi wa tatu nilinunua tenki la samaki la lita 200 Kariakoo, laki nne na nusu pamoja na stendi na filta, jamaa akaandika kwenye risiti waranti mwaka 1. Juzi usiku nikasikia kitu kama mtu kagonga kioo na ukucha, tik, nikajua ni paka nikalala zangu. Asubuhi nashuka kitandani nakanyaga maji, zulia limelowa mpaka mlangoni, ufa umeanzia kona ya chini umepanda kama unywele hadi katikati. Samaki nikawawahi kwenye ndoo ya kufulia ila goldifishi wawili wamekufa.

Sasa jamaa anasema waranti ni ya silikoni (gundi inayounganisha vioo) kuachia tu, kioo kupasuka ni uzembe wangu eti tenki halikukaa sawa. Kweli sikuweka foma ya kulalia tenki chini yake (hapo najilaumu, maji peke yake ni kilo 200) lakini stendi kaniuzia yeye na fundi wake ndo kaja kuifunga! Na kwenye risiti hamna neno silikoni popote.

Kuna mtu amewahi kupeleka malalamiko kama haya FCC (Tume ya Ushindani, wanaolinda walaji), walimsaidia au ni kuzungushwa tu? Na zulia na samaki nadai pia au naishia kwenye tenki? Sijaligusa bado, nimeliacha kama ushahidi, ila mama watoto anataka litoke sebuleni leo leo.