Tamasha la Freddie Mercury sebuleni: mbona sauti ya mwimbaji inapotea?

KifunguaMimba ameuliza:

Wapenzi wa muziki, nawasalimu. Ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini kwangu ni zito kwa sababu linamhusu baba yangu. Baba ana umri wa miaka 72, na tangu mwaka jana anaishi nasi hapa Donholm, Nairobi. Katika miaka ya 1980 alikuwa karani mjini Nakuru, na redio yake ndogo ndiyo iliyomjulisha sauti ya Freddie Mercury. Aliposoma gazetini kwamba mwimbaji huyo alizaliwa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara, alianza kumwita "kijana wetu wa Pwani", na hadi leo hamwiti vinginevyo. Hata hivyo, hajawahi kumtazama akiimba tamasha zima, tangu taa zinapowaka hadi watu wanapotawanyika.

Jumamosi iliyopita nilimwekea DVD ya tamasha la Queen, bendi ya roki ya Freddie, katika uwanja wa Wembley, London, la Julai 1986. Nilikuwa nimenunua seti ya spika 5 na sabufa kule Luthuli Avenue, nikaiunganisha mwenyewe na runinga yetu ya inchi 43. Spika 2 niliziweka mbele, 2 nyuma ya kochi, na ile ya katikati nikaiacha kwenye katoni kwa kuwa kabati la runinga halikuwa na nafasi yake. Sabufa niliisukuma pembeni, kwenye kona ya ukuta. Ngoma na besi zilitikisa vikombe hadi jirani wa ghorofa ya chini akaja kubisha hodi, lakini sauti ya Freddie ilikuwa kama ya mtu anayeimba katika chumba cha pili. Baba, ambaye sikio lake la kushoto limedhoofika, aliinama mbele akakinga kiganja nyuma ya sikio la kulia, na baada ya nyimbo 3 akaniambia kwa upole kwamba tutaendelea siku nyingine. Iliniuma kumwona ameinama vile.

Picha nayo ilikuwa na ukungu, ingawa diski ni mpya na ni halali. Tena, nilipomalizia tamasha peke yangu usiku, niliona kwamba katikati ya wimbo wa Bohemian Rhapsody wanamuziki wote wanatoweka jukwaani ilhali sauti zinaendelea. Baba aliimba kwaya ya kanisa kwa zaidi ya miaka 20, na ninajua jambo hilo halitampita. Akiniuliza, nimjibu nini?

FundiVyombo amejibu:

Ndugu KifunguaMimba, ile spika uliyoiacha kwenye katoni ndiyo iliyombeba mwimbaji.

Nimekuwa nikikodisha vyombo vya muziki kwa harusi na matanga kwa miaka mingi, na kosa hili ninakutana nalo kila mara. DVD za matamasha kwa kawaida huwa na njia zaidi ya moja ya sauti. Ipo njia ya sterio, yenye mikondo 2, kushoto na kulia. Ipo pia njia ya mikondo 5 pamoja na besi, ambayo mafundi wameigawa ili msikilizaji ajihisi yumo uwanjani: makelele ya umati nyuma, magitaa pembeni, na sauti ya mwimbaji, aghalabu, katikati. Seti yako inaamini kwamba spika ya katikati ipo, kwa hiyo inapeleka sauti ya Freddie huko, nayo inaishia kwenye waya usiofika popote. Kile kidogo ulichokisikia ni mabaki yaliyochanganywa katika spika za pembeni.

Itoe spika hiyo leo. Ikiwa kabati halina nafasi, iweke juu ya kigoda chini ya runinga, ielekezwe usawa wa uso wa mzee anapokuwa ameketi. Ukikosa kabisa namna ya kuiweka, ingia kwenye menyu ya diski uchague sterio, kisha kwenye mipangilio ya seti yenyewe uiambie kwamba una spika 2 tu za mbele. Mimi binafsi, kwa mtu ambaye sikio lake moja ni dhaifu, ningechagua sterio hata kama spika zote zingekuwepo. Makelele ya umati yanayotoka nyuma ya kochi yanampendeza mwenye masikio mawili mazima, lakini yanamchosha yule anayelazimika kuchuja kila kitu kwa sikio moja.

Usiiongeze sauti ili kumsaidia, punguza besi. Mtu anapozeeka, mara nyingi masikio yake hupoteza kwanza sauti nyembamba, na ndizo zinazobeba konsonanti kama s, t na f, yaani zile zinazomwezesha kuyatambua maneno. Besi ikizidi, inazifunika hizo chache alizobaki nazo. Iondoe sabufa kwenye kona, kwa sababu kuta zinazokutana huikuza besi maradufu, uiweke wazi kando ya kabati, juu ya blanketi lililokunjwa ili sakafu isimpelekee jirani yako mtikisiko. Hatimaye, mketishe baba upande ambao sikio lake la kulia linaelekea runinga. Ikiwa seti yako ina mpangilio wa mono, uwashe, maana mikondo yote 2 itaunganishwa na hakuna gitaa litakalobaki upande asioweza kusikia.

MtunzaKanda amejibu:

Sina la kuongeza kuhusu sauti. Kuhusu ukungu wa picha, diski yako haina kasoro na runinga yako ni nzima. Tamasha la Wembley lilirekodiwa kwa kamera za video za zama zile, ambazo huko Uingereza zilitumia mfumo wa mistari 625, na kati ya hiyo ni 576 tu iliyobeba picha. Ikiwa runinga yako ni ya 4K, ina mistari 2,160, na yote iliyozidi inalazimika kuijaza kwa kukisia. Hakuna diski itakayoleta kile ambacho kamera haikukiona.

Mambo ni tofauti kabisa kwa matamasha mengine mawili ya Queen yaliyopigwa kwa filamu ya milimita 35, kama sinema. Filamu ya namna hiyo huhifadhi undani mwingi ambao wataalamu wanaweza kuusoma upya kwa mashine za kisasa, na ndiyo maana picha za miaka 40 iliyopita huonekana kana kwamba zilipigwa juzi. Moja ni la Montreal, Kanada, la tarehe 24 na 25 Novemba 1981. Hapo utawaona wanabendi wanne tu jukwaani bila mpiga kinanda wa kuongezea, na kamera inamng'ang'ania Freddie karibu mno, hata jasho la shingoni unaliona. (Tarehe ile ya 24 Novemba hunigusa kila ninapolitazama, kwa kuwa Freddie alifariki siku kama hiyo, miaka 10 baadaye kamili, mwaka 1991.) Jingine ni la Budapest, Hungaria, la tarehe 27 Julai 1986, majuma mawili tu baada ya Wembley, katika ziara ileile na kwa nyimbo nyingi zilezile. Lilisafishwa upya likatolewa mwaka 2012.

Kwa baba yako ningechagua Budapest. Linampa ukubwa wa uwanja aliouona Wembley pamoja na picha safi, na ndani yake kuna wimbo mmoja wa kienyeji wa Kihungaria ambao sitakueleza zaidi. Mwache aukute mwenyewe.

Jirani_SouthB amejibu:

Kwa mzee anayechoka upesi, je, si afadhali kuanza na zile dakika 21 za Queen katika Live Aid, tamasha la kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia, tarehe 13 Julai 1985? Ni fupi, na watu wengi huamini kwamba Queen hawakuwahi kupanda jukwaani wakafanya vizuri zaidi.

MwalimuWaKwaya amejibu:

Ndugu wa South B, dakika zile ninazipenda sana, lakini mzee huyu anataka kukaa na mwimbaji wake tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuchoka kwa urefu. Alichoshwa na kutosikia. Isitoshe, siku ile walipiga sehemu ya kwanza tu ya Bohemian Rhapsody, kwa hiyo swali linalomsumbua mwenzetu lingebaki palepale.

KifunguaMimba, mwanangu, mwambie baba ukweli mtupu, maana mwanakwaya atauelewa kuliko mtu yeyote. Sehemu ile ya katikati, inayofuata mtindo wa opera, ilirekodiwa mwaka 1975 na watu 3: Freddie, mpiga gitaa Brian May na Roger Taylor. Waliimba kipande kimoja, wakakirudia juu ya kile cha kwanza, wakarudia tena, tabaka juu ya tabaka, hadi watu 3 wakasikika kama kwaya nzima. Jukwaani hakuna wanadamu 3 wanaoweza kuimba sauti zote hizo kwa pamoja. Wangeweza kupunga mikono na kufungua vinywa wakijifanya wanaimba, kama wengi wanavyofanya. Badala yake waliondoka, wakauachia mkanda sehemu hiyo mbele ya macho ya watu, kisha wakarudi kupiga mwisho wake kwa nguvu zao wenyewe. Mimi ninauona huo kuwa uaminifu, na ninaamini baba atauona hivyo.

Mtayarishe pia kwa jambo jingine. Atasikia mahali fulani Freddie akishuka ambapo redioni alipanda. Hilo si udhaifu. Aliwahi kusumbuliwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, na katika ziara ndefu alijifunza kuitunza sauti yake, akiiacha noti ya juu kwa Roger Taylor, mpiga ngoma, ambaye koo lake lilifika juu kuliko wote. Sisi wa kwaya tunajua kwamba anayeimba Ijumaa na Jumamosi hana budi kuibakizia sauti Jumapili. Halafu mwombe asikilize pale Freddie anapotoa sauti moja, uwanja mzima ukamrudishia, naye akaikunja kidogo kila mara ili waitafute. Hapo hahitaji kujua Kiingereza wala roki, kwa sababu ni mwito na kiitikio, na hayo ameyafanya maisha yake yote.

KifunguaMimba amejibu:

Ninawashukuru nyote kwa moyo mweupe. Diski ya Budapest nimeipata, na spika ya katikati sasa iko juu ya kigoda cha jikoni, mbele ya kabati. Sabufa iko juu ya blanketi, na jana jirani hakubisha hodi.

Baba alitazama yote. Mwanzoni alikaa mbele ukingoni mwa kiti, kiganja kikiwa tayari karibu na sikio, lakini kabla ya wimbo wa pili kwisha alikishusha, akaegemea. Kwenye mwito na kiitikio aliitikia kwa sauti nzito ya besi ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi. Nilipomweleza kuhusu mkanda wa Bohemian Rhapsody, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Afadhali hivyo."

Ulipofika wimbo wa Kihungaria, Brian May akiwa na gitaa lisilo la umeme na Freddie amesimama karibu naye, baba aliniomba nirudishe nyuma kidogo, kisha nisimamishe. Aliinuka, akasogea hadi kwenye runinga, akaweka kidole juu ya mkono wa Freddie. "Tazama kiganja," akaniambia. "Maneno ameyaandika hapo. Nasi tulifanya vivyo hivyo mwaka ule padre alipotuimbisha Kilatini." Kisha akarudi kuketi, akaniomba niendelee.